Mwenye mtandao ndiye wa mwisho kujua

Kompyuta ikiunganishwa na intaneti kwa anwani inayoonekana na ulimwengu wote, mara nyingi huanza kupigiwa hodi ndani ya dakika chache. Wanaopiga hodi hawajui ni ya nani wala hawaitafuti hiyo hasa. Ni programu zinazozunguka usiku na mchana, zikipita anwani moja baada ya nyingine na kuuliza: hapa kuna huduma gani? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walitoa programu iitwayo ZMap, wakaonyesha kwamba kompyuta moja tu, ikiwa na muunganisho wa gigabiti moja kwa sekunde, inaweza kuuliza swali hilo kwa poti moja katika intaneti nzima ya IPv4, mfumo wenye anwani takriban bilioni 4.3, kwa muda usiofika dakika 45. Baada ya hapo, ile hoja ya "sisi ni wadogo, nani atatutafuta?" ilikosa pa kusimama. Zahanati ya wilayani na benki kubwa ya Ulaya hupitiwa katika mzunguko uleule, na anayezunguka hana gharama ya ziada kwa kuipitia zahanati.

Ninachodai ni hiki: kuskani poti, yaani kuuliza kwa utaratibu ni huduma zipi zinasikiliza kwenye kompyuta fulani, ni elimu ya msingi kwa kila anayekabidhiwa mtandao wa taasisi. Isisubiri mtu abobee katika usalama wa mitandao. Ifundishwe siku zilezile anapofundishwa kubana vichwa vya nyaya na kusanidi ruta. Taarifa za poti zetu tayari zimo mikononi mwa watu wengi. Tangu 2009 kuna Shodan, injini ya utafutaji iliyoanzishwa na John Matherly, ambayo badala ya kukusanya kurasa za tovuti hukusanya majibu ya vifaa vilivyo wazi mtandaoni: kamera, ruta, seva, hata mitambo ya viwandani. Yeyote anaweza kuifungua na kuandika jina la nchi. Katika hali hiyo, mtu pekee asiyejua ni poti zipi za taasisi ziko wazi mara nyingi ni yule anayelipwa na taasisi hiyo kuulinda mtandao wake.

Msingi wenyewe haumshindi mtu. Poti ni namba. Kila kompyuta inayozungumza kwa itifaki ya TCP ina poti 65,536, kuanzia 0 hadi 65535, na idadi kama hiyo tena kwa itifaki ya UDP. Programu inayotaka kupokea maombi kutoka kwa wengine hushika namba mojawapo na kusikiliza hapo. Tovuti husikiliza kwenye 80 na 443, seva za barua pepe kwenye 25, SSH ambayo mafundi huitumia kuendesha seva wakiwa mbali kwenye 22, huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili kwenye 445, na ile ya kuifungua kompyuta ya ofisini ukiwa nyumbani, iitwayo RDP, kwenye 3389. Anayeskani hutuma pakiti ndogo ya kuomba mazungumzo, SYN. Jibu likirudi SYN-ACK, poti iko wazi na kuna programu nyuma yake. Likirudi RST, kompyuta ipo ila hakuna programu inayosikiliza kwenye namba hiyo. Pasiporudi chochote, huenda ngome ya mtandao imeitupa pakiti njiani, na kimya hicho nacho ni taarifa. UDP haina utaratibu huu wa kuitikiana, hivyo poti iliyo wazi inaweza kunyamaza sawasawa na iliyozuiwa. Ndiyo sababu kuskani UDP kunachosha na wengi hukuruka, ingawa huduma nzito kama DNS, inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, kwenye 53 na SNMP, ya kusimamia vifaa vya mtandao, kwenye 161 hukaa huko huko.

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii, Nmap, ilitolewa Septemba 1997 na Mmarekani Gordon Lyon, anayejulikana zaidi kwa jina la Fyodor, kupitia jarida la Phrack. Hadi leo inapakuliwa bure na msimbo wake unasomwa na yeyote. Mwanafunzi mwenye kompyuta anaweza kuendesha amri yake ya kwanza kabla kipindi hakijaisha. Ugumu uko katika kulisoma jibu, na hapa ndipo ninapoona pengo kati ya anayejua amri na anayejua kazi. Nmap ikiachwa ilivyo huuliza poti 1,000 zinazotumika zaidi za TCP. Asiyejua hilo ataona ripoti safi na kuamini kwamba ameangalia zote, kumbe zaidi ya 64,000 hazijaguswa, na UDP haijaguswa kabisa. Tena, jina la huduma linaloandikwa mbele ya namba, mtumiaji asipoagiza ithibitishwe, hutolewa kwenye orodha ya kawaida ya poti na huduma zake. Poti 443 itaandikwa kuwa ni tovuti salama hata kama aliyekaa pale ni mwingine kabisa. Na mahali unapoulizia hubadili jibu. Ukiskani seva ukiwa ndani ya ofisi, unaona kile mfanyakazi mwenzako anachokiona. Ukiiskani kutoka nje, unaona kile dunia inachokiona. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kazi halisi ya ngome ya mtandao uliyoinunua, na usipolinganisha hutajua kama inafanya kazi au imewekwa kwenye rafu tu ikiwakawaka taa.

Kuna hifadhidata iliyotufundisha jambo hili kwa uchungu. Programu inaweza kuamriwa isikilize kwenye anwani ya ndani tu, 127.0.0.1, ambapo kompyuta huzungumza na nafsi yake, au isikilize kwenye anwani zake zote. Vifurushi vingi vya zamani vya MongoDB vilikuja vikiwa vimefunguliwa kwa anwani zote, kwenye poti 27017, bila kudai nywila. Kuanzia mwisho wa 2016 hadi Januari 2017, wahalifu walizipitia hifadhidata hizo, wakafuta makumi ya maelfu kati yake na kuacha ujumbe wa kudai fidia. Hawakuvunja kitu. Walikuta poti wazi, wakaunganisha, wakaingia. Waliotengeneza programu hiyo walibadili mpangilio wa mwanzo katika toleo la 3.6 baadaye mwaka huohuo, lakini kwa waliokwishapoteza data mabadiliko hayo yalikuwa yamechelewa. Msimamizi mwenye mazoea ya kuskani seva yake mwenyewe kutoka nje angeiona 27017 siku ya kwanza na kujiuliza inafanya nini pale.

Mfano mzito zaidi ni wa tarehe 12 Mei 2017. Programu hasidi ya WannaCry ilifunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai malipo ya bitcoin. Haikumhitaji mtu abofye kiungo chochote ili isambae. Kila kompyuta iliyoambukizwa iligeuka kuwa mashine ya kuskani: ilizitafuta jirani zake kwenye mtandao wa ndani na anwani za kubahatisha nje, ikiuliza poti 445 peke yake. Ilipopata jibu, ilitumia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea kiraka tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Nchini Uingereza ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ilitoa ripoti yake Oktoba mwaka huo. Iligundua kwamba angalau mashirika 80 kati ya 236 yanayoendesha hospitali na huduma nyingine za afya ya umma England yaliathiriwa, na ikakadiriwa kuwa miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilifutwa. Ripoti ilisema waziwazi kwamba taasisi zote zilizoambukizwa zingeweza kujikinga kwa hatua za kawaida: kuweka kiraka, au kuzisimamia ngome zao zinazotazamana na intaneti. Nawaomba wasomaji wenye dhamana ya hospitali waisome sehemu hiyo ya pili kwa makini. Hata aliyeshindwa kusasisha kompyuta zake kwa wakati alikuwa bado na nafasi ya kuizuia njia ya kutoka nje, kwa sharti moja, kwamba ajue poti 445 yake inaonekana huko.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya Uingereza. Basi tuje Afrika. Mwaka 2016 ilizuka Mirai, programu hasidi iliyokuwa ikiskani poti 23 na 2323, za huduma kongwe ya Telnet, ikitafuta kamera, vinasa picha na ruta. Ilipopata kifaa kinachojibu, ilijaribu majina na nywila za kiwandani kutoka kwenye orodha fupi ya jozi zaidi ya 60. Orodha hiyo fupi ilitosha kuteka mamia ya maelfu ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliilemea Dyn, kampuni ya huduma za DNS, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi wa Marekani. Aina nyingine ya Mirai ilielekezwa dhidi ya kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia. Aliyehusika, Mwingereza Daniel Kaye, alikiri kosa na Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miaka miwili na miezi minane. Kabla ya hapo alikwishahukumiwa Ujerumani kwa tukio la Novemba 2016 lililowakatia mtandao wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom. Lile la Ujerumani lilipitia poti 7547, ambayo watoa huduma huitumia kusimamia ruta zilizo majumbani kwa wateja. Mteja hakuifungua yeye, hakuambiwa kuwa ipo, na hakuwa na namna ya kuijua isipokuwa kwa kuuliza.

Mazingira ya Liberia ni mazingira yetu. Fundi anayefunga kamera za CCTV dukani huulizwa na mwenye duka atazionaje akiwa safarini. Njia nyepesi ni kuingia kwenye ruta na kuelekeza poti moja ya nje hadi kwenye kinasa picha. Picha zinaonekana kwenye simu, mteja anaridhika, fundi analipwa na kuondoka, na kinasa picha kinabaki kimetazamana na dunia nzima kikiwa na nywila kiliyotoka nayo kiwandani. Mhasibu wa SACCOS anayetaka kufunga hesabu akiwa nyumbani hufunguliwa poti 3389 "kwa wiki hii tu", na hakuna anayekumbuka kuifunga. Baadhi ya ruta zina UPnP iliyowashwa, ambayo huruhusu kifaa kilicho ndani kuomba poti ifunguliwe kwa nje bila mtu yeyote kuulizwa. Na ruta za MikroTik, ambazo watoa huduma wadogo wa intaneti na wenye hotspoti Afrika Mashariki wanazipenda kwa bei na uwezo wake, husimamiwa kwa programu ya Winbox kupitia poti 8291. Kasoro iliyogunduliwa mwaka 2018 ilimwezesha mtu wa nje kujipatia nywila za ruta kupitia poti hiyo. Kampuni ilitoa sasisho Aprili. Hata hivyo ilipofika Agosti, ruta zaidi ya 100,000, nyingi za Brazil, zilikuwa zikiwabandikia watumiaji wake msimbo wa kuchimba sarafu za kidijitali. Poti ya kusimamia ruta haina sababu ya kuonekana na mtu aliye bara jingine. Kuiona na kuizuia ni kazi ya nusu saa.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la kimaadili: kuwafundisha vijana kuskani ni kuwafundisha wizi. Silipuuzi. Ujuzi huu hakika ndiyo hatua ya kwanza ya udukuzi mwingi, na mwalimu asiyelisema hilo darasani anawadanganya wanafunzi wake. Lakini anayetoa hoja hii anadhani kwamba mwizi anasubiri mtaala wetu. Mwaka 2012 mtafiti asiyejitaja jina aliingia kwenye vifaa takriban 420,000 duniani vyenye nywila za kiwandani au visivyo na nywila kabisa, akavitumia kuiskani intaneti nzima, kisha akachapisha matokeo kwa umma. Alichofanya kilikuwa kinyume cha sheria, na hakuna mwalimu anayepaswa kumtukuza. Somo linalobaki ni kwamba ilimhitaji mtu mmoja. Mirai yenyewe iliandikwa na vijana watatu wa Marekani, na msimbo wake ulipomwagwa hadharani mwishoni mwa Septemba 2016 haukumhitaji tena hata mtu mwenye kipaji. Upande wa uhalifu ujuzi huu umekwishageuzwa kuwa mashine inayojiendesha. Tukiuzuia darasani, tunaupunguza upande wa wanaolinda tu, wale wenye woga wa sheria na wanaohitaji kufundishwa kwa utaratibu.

Wajerumani walipitia mjadala huu. Mwaka 2007 waliongeza katika sheria yao ya jinai kifungu kinachoharamisha kutengeneza au kusambaza programu za kufanyia udukuzi, na wataalamu wa usalama wakahofu kwamba hata zana zao za kila siku zitawapeleka jela. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ilifafanua kwamba programu zenye matumizi mawili, halali na haramu, haziingii katika katazo hilo kwa sababu tu zinaweza kutumiwa vibaya. Kinachotazamwa ni kusudi lake. Naona huo ni mstari sahihi, na naona sheria zetu zinapaswa kuusema kwa sauti isiyo na shaka.

Hapo tunafika kwenye pingamizi la pili, la kisheria, ambalo lina uzito zaidi ya la kwanza. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zote zinaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini na kumiliki zana kwa lengo la kutenda kosa. Je, kuuliza poti bila kuingia ni kosa? Mahakama za nje hazijakubaliana. Mwaka 2000 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Georgia, Marekani, kwenye kesi ya kampuni mbili zilizogombana baada ya mshauri wa mifumo kuskani mtandao unaohusiana na kituo cha simu za dharura, ilisema kuskani peke yake hakukuleta madhara yanayodaiwa. Finland, mwaka 2003, Mahakama ya Juu ilimtia hatiani kijana aliyeuskani mtandao wa benki mwaka 1998, ikiona kuwa alikuwa akijaribu kuingia. Kijana wa Mwanza au Kisumu hafai kuwa yeye ndiye wa kupimia jambo hili mahakamani. Kwa hiyo mimi ninayetetea elimu hii natetea pia sharti lake: hakuna kuskani anwani isiyo yako bila ruhusa ya maandishi inayotaja anwani zipi, siku gani, saa ngapi na nani wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Huko nje, waendeshaji wa Nmap wenyewe wameweka seva ya scanme.nmap.org na kuruhusu watu wajifunzie hapo kwa kiasi. Darasani, kompyuta mbili kuukuu na ruta moja isiyounganishwa na intaneti zinatosha. Ruhusa ifundishwe kabla ya amri ya kwanza, na mwanafunzi asiyeweza kuandika barua ya kuomba ruhusa hiyo asihesabiwe kuwa amefaulu somo.

Wabunge nao wana deni. Ubelgiji, tangu Februari 2023, ina utaratibu unaomkinga mtu anayegundua udhaifu wa mfumo kwa nia njema, mradi afuate masharti na kuripoti kwa mamlaka husika haraka. Kinga ya namna hiyo hapa kwetu ingemfanya fundi aliyeona poti ya hospitali iko wazi aseme. Leo mtu mwenye akili timamu atanyamaza, maana kueleza alivyojua ni sawa na kujipeleka kituoni.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wataalamu wenyewe, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Wanasema skani haikulindi. Poti iliyo wazi si udhaifu; tovuti haiwezi kufanya kazi bila 443 kuwa wazi. Poti zilizofungwa nazo hazimzuii tapeli anayempigia mhasibu simu na kumwomba namba ya siri, wala wanaohamisha laini ya simu ya mtu ili waibe fedha zake. Wanaongeza kuwa watumiaji wengi wa intaneti ya simu wako nyuma ya anwani wanazoshirikiana maelfu kwa maelfu, hivyo simu zao hazifikiki moja kwa moja kutoka nje. Yote hayo ni kweli. Hasara kubwa za wananchi wa kawaida huku kwetu hupitia kwenye hila za maneno zaidi kuliko kwenye poti, na anayetangaza skani kuwa dawa ya kila kitu anauza uongo. Hatari ya ripoti safi inayomlaza mkurugenzi usingizi ipo pia.

Hata hivyo hoja hiyo inapunguza dai ambalo sikulitoa. Skani haijibu swali "tuko salama?" Inajibu swali linalotangulia: tuna nini? Taasisi nyingi hazina orodha ya vifaa vyake vilivyo mtandaoni, na bila orodha hakuna kiraka kinachoweza kuwekwa kwa ukamilifu, hakuna nywila zitakazobadilishwa zote, hakuna seva kongwe itakayostaafishwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Atazilindaje akiwa hajui kwamba nakala ya hifadhidata ya wagonjwa inasikiliza kwenye kompyuta ya mtu aliyekwishahama kazi? Kuhusu kujificha nyuma ya anwani ya pamoja, WannaCry imekwishatoa jibu: ikiingia ndani ya kompyuta moja, hizo nyingine zinaonana zenyewe kwa zenyewe, na ndani ya ofisi nyingi hakuna kizuizi chochote kati ya meza ya mapokezi na seva ya malipo.

Kuna tahadhari moja ya kiufundi ambayo wanaoshabikia zana hizi huipita haraka, nami sitaki kuipita. Kuskani kunaweza kudhuru. Printa za zamani huanza kutema karatasi zenye herufi zisizosomeka zikitumiwa maswali zisiyoyaelewa. Vidhibiti vya mitambo viwandani na baadhi ya vifaa vya hospitali viliundwa kwa kudhani kwamba vitazungumza na vifaa vinavyofahamiana navyo tu. Swali la ghafla linaweza kuvigandisha. Ndiyo maana anayejifunza anapaswa kuanza na mtandao wa majaribio, kisha kompyuta za ofisi nje ya saa za kazi, kwa kasi ndogo, na vifaa vilivyounganishwa na mgonjwa visiguswe bila mhandisi wa vifaa tiba kuwepo. Mwanafunzi akishaiona printa ikiganda kwa sababu ya amri yake mwenyewe, ataelewa kwa nini saa ya kazi iliandikwa kwenye barua ya ruhusa.

Faida kubwa ya skani huja pale inaporudiwa. Skani moja ni picha. Ya mwezi unaofuata ikilinganishwa na ya kwanza inaonyesha kilichobadilika, na kilichobadilika bila mtu kukiidhinisha ndicho cha kufuatiliwa. Nmap huja na zana ndogo iitwayo Ndiff inayofanya ulinganisho huo yenyewe. Bodi ya SACCOS haihitaji kuelewa SYN ni nini ili iulize kila robo mwaka: poti zipi zetu zinaonekana nje, nani aliidhinisha kila moja, na ipi imeongezeka tangu kikao kilichopita? Karatasi moja inatosha. Mjumbe wa bodi anayejua kuhoji risiti za mafuta anaweza kuihoji karatasi hiyo.

Serikali nazo zimeanza kuelewa kwamba kazi hii inaweza kufanywa kwa niaba ya wengi. Novemba 2022 kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kilitangaza kwamba kinaskani mifumo yote iliyo nchini humo inayofikika kutoka intaneti, kikaeleza kinatumia anwani zipi na namna ya kuomba kutoskaniwa. Shirika lisilo la kibiashara la Shadowserver huiskani intaneti kila siku na kuzipa timu za kitaifa na wenye mitandao ripoti za bure kuhusu vifaa vilivyo wazi. Tanzania ina TZ-CERT chini ya TCRA, Kenya ina kituo chake chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Ningependa kuona vituo hivi vikipewa amri ya wazi na fedha za kuskani anwani za taasisi za umma kwa utaratibu unaotangazwa, na kuandika kwa kila mwenye anwani kile kilichoonekana. Lakini barua hiyo lazima ipokewe na mtu. Ikifika kwenye halmashauri ikisema kwamba anwani fulani ina poti 3389 iliyo wazi kwa dunia, na anayeifungua barua ni ofisa TEHAMA ambaye hakuwahi kufundishwa namba hiyo ni ya nini, itawekwa kwenye faili pamoja na nyaraka nyingine za mwezi huo. Yule aliyefundishwa ataendesha skani kutoka nje kuthibitisha, atampigia mhasibu aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani, ataifunga poti na kumwekea njia nyingine iliyo salama, kisha ataskani tena kabla ya kujibu barua.